Wakala wetu wa Dar kalipeleka jina la korosho zetu BRELA, sasa anatuletea notisi ya wakili. Tufanyeje?

Mchuuzi wa Chuno

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, naandika kwa niaba ya mama mkubwa na wenzake, kikundi cha wanawake wabanguaji wa Tandahimba. Tangu 2014 wanauza korosho za kukaanga kwenye pakti za kijani zenye picha ya mwanamke aliyejifunga kanga, kakaa mkekani, ungo mapajani. Jina halisi la bidhaa siliandiki hapa kwa sababu jambo linaweza kufika mahakamani. Tuseme ni "Somoe". Limekaa hivyohivyo, jina la mtu, la huku kwetu.

Zinauzwa stendi ya Mtwara, Lindi, Nangurukuru, na kwa wakala mmoja wa Dar aliyekuwa akichukua maboksi kila mwezi. Msimu uliopita akaacha kuagiza. Tukadhani biashara imemshinda, kumbe anafunga zake. Pakti kijani ileile, mwanamke na ungo wake, ila kanga ni nyekundu na jina ni "Somoye". Pembeni kaweka TM, herufi za kudai alama ya biashara.

Sasa juzi imekuja barua ya wakili. Inamtaka mama mkubwa aache kutumia "Somoe" ndani ya siku 14, ateketeze vifungashio, na alipe fidia, kwa sababu "mteja wetu ndiye mwenye alama". Yaani aliyekuja jana ndiye anamfukuza mwenye nyumba.

Kikundi kina cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kina nembo ya TBS, shirika la viwango, kina na barikodi. Mama mkubwa anasema vyeti vyote viko ukutani, huyu mtu atutishe kwa lipi? Mimi sina hakika kama vyeti hivyo ndivyo vinavyohitajika hapa. Waliowahi kupita njia hii naomba mwongozo, na mwenye hukumu inayofanana aiweke.

Ruangwa Yetu

Nimeshatandika mkeka na korosho zangu pembeni (za Somoe, si Somoye). Wanasheria waje.

Mkulungwa wa Newala

Kijana, mimi nimefanya biashara tangu enzi za kusafiri siku mbili kwenda Dar kwa barabara ya vumbi. Nakwambia ukweli ambao wengine watauzungusha. Aliyewahi BRELA ndiye mwenye mali. Badilisheni jina, mwagize vifungashio vipya, maisha yaendelee. Mkianza kesi mtauza mikorosho, na kesi itakapokwisha hata hiyo Somoe hakuna anayeikumbuka.

Binti Mikindani

Shikamoo mzee, lakini hapo umewahukumu kabla hawajasikilizwa.

Mleta mada, mimi nafunga chumvi na asali, nimepita kwenye usajili. Tuvitenganishe kwanza hivyo vyeti vya ukutani. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Kina sheria yake tofauti na hakimpi mtu umiliki wa alama iliyo kwenye bidhaa. TBS wanasema bidhaa imefikia kiwango. Barikodi inayoanza na 620 inasema namba imetolewa na GS1 Tanzania, wala haisemi kwamba korosho zimelimwa Tanzania. Alama ya biashara ni usajili wa peke yake. Kwa sababu dirisha ni la BRELA hilohilo, watu wengi wanatoka na karatasi moja wakiamini wamebeba zote mbili.

Alama unaiombea kwa klasi, yaani kundi la bidhaa. Korosho za kukaanga ziko klasi ya 29, korosho ghafi 31, chumvi na asali 30. Mimi nilipona kwa klasi moja. Ningefunga na dagaa ningelipia na 29.

Halafu hiyo TM isiwatishe. Mtu yeyote anaweza kuibandika hata leo asubuhi, haina maana kwamba alama imesajiliwa. Barua ya wakili imetaja namba ya usajili na tarehe?

Mchuuzi wa Chuno

Dada asante. Nimeisoma tena. Namba haipo. Imesema "mteja wetu amewasilisha maombi ya usajili na ndiye mmiliki halali".

Sheria Mkononi

Naandika kutoka Lindi. Nimefanya kazi hizi kiasi, ila haya niyasemayo si mbadala wa wakili wenu atakayeona nyaraka.

Hilo neno "amewasilisha" ndilo la kushika. Sheria inayohusika ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, ya mwaka 1986. Chini ya sheria hiyo, haki ya peke yako ya kutumia alama inapatikana kwa kusajiliwa. Kupeleka maombi hakutoshi. Maombi yanakaguliwa na Msajili, yakionekana yanafaa yanatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, na kuanzia tangazo hilo kuna siku 60 za mtu yeyote mwenye sababu kuweka pingamizi. Siku hizo zikipita kimya, alama inasajiliwa kwa miaka 7 ya mwanzo, na baada ya hapo inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kwa hiyo kazi ya kwanza kesho asubuhi ni kujua maombi yake yamefika wapi. Kama yametangazwa, hesabu siku tangu tarehe ya jarida. Tarehe ya barua ya wakili haina uhusiano na hesabu hiyo. Pingamizi linasikilizwa na Msajili mwenyewe, asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu.

Jambo la pili ndilo Mkulungwa hakuligusa. Hata asiye na cheti cha alama ana haki ya kumzuia mwenzake asiuze bidhaa kana kwamba ni zake. Haki hii haimo kwenye orodha ya BRELA, imetoka kwenye sheria za mazoea za Kiingereza tulizozipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu zinaitumia. Ndiyo maana mawakili wa Tanzania mpaka leo wanasoma kesi za Uingereza za karne ya 19. Za baada ya 1920 nazo zinasomwa, ila kama za kushawishi tu.

Ipo moja ya 1882, Johnston dhidi ya Orr Ewing, iliyofika hadi Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Kampuni ya Glasgow ilikuwa ikipeleka nyuzi nyekundu Bombay na Aden zikiwa na tiketi ya tembo wawili. Wanunuzi wa huko hawakusoma Kiingereza, waliziita kwa lugha yao nyuzi za tembo wawili. Mshindani akaja na tiketi yake: jina lake mwenyewe limeandikwa wazi, michoro mingine tofauti, lakini tembo wawili wamo. Akajitetea kwamba ukiziweka pamoja hazifanani. Malordi wakamzuia. Hoja yao ni kwamba mnunuzi wa Aden hana tiketi mbili mkononi za kulinganisha na hasomi maandishi yenyewe, anajua tembo wawili tu. Jina lililoandikwa kwa herufi asizozijua halimwokoi.

Ruangwa Yetu

Aden! Majahazi yetu yalikuwa yanafika kulekule. Na hii tabia bado tunayo. Nenda duka la kanga, wangapi wanaangalia pindoni kuona K.H.E. Mali ya Abdulla? Bibi yangu hasomi, lakini ukimletea isiyo ya Abdulla anajua kabla hujaikunjua.

Mkulungwa wa Newala

Marahaba binti wa Mikindani. Nawe mwanasheria nimekusikia. Lakini tembo wa Glasgow wa mwaka 1882 watamsaidia nini mama wa Tandahimba? Jaji ataangalia majina. Somoe, Somoye. Wakili wa yule bwana atasema ni majina mawili ya watu wawili.

Dereva wa Kusini

Mzee wangu, naomba nichangie mimi nisiye na sheria. Naendesha basi Mtwara–Dar. Pale Nangurukuru hakuna anayenunua jina. Gari likisimama, vijana wanainua pakti hadi dirishani, pesa inashuka, pakti inapanda, kondakta anapiga bodi tunaondoka. Abiria anasema "nipe ile ya kijani ya mama". Hiyo pakti mpya nimeiona na mimi. Msimu uliopita kuna abiria alinilalamikia safari nzima kwamba korosho za mama zimeharibika siku hizi, zina mafuta mabaya. Nikaichukua pakti nikaisoma: Somoye. Nikamwambia mama si huyo. Akabisha!

Sheria Mkononi

Dereva, hapo umetoa ushahidi ambao mawakili hulipwa kuutafuta. Usiufute ujumbe wako.

Mkulungwa swali lako ni la haki, na lina kesi yake. Mwaka 1906 Jaji Parker, kwenye kesi ya Pianotist, aliweka kipimo kinachotajwa hadi leo: chukua maneno mawili, yatazame, yatamke, angalia bidhaa ni ya aina gani, mnunuzi wake ni nani, na mazingira yote ya kununuliwa kwake. Pale maneno yalikuwa "Pianola" na "Neola", na mwenye Neola alishinda. Sababu mojawapo ni kwamba vile vilikuwa vyombo vya kupigia piano, vya bei kubwa. Mnunuzi wake ni mtu anayechagua taratibu, anauliza, anarudi kesho.

Sasa kipeleke kipimo hichohicho kwenye dirisha la basi la Nangurukuru. Bidhaa ya bei ndogo, mnunuzi ana haraka, anayemuuzia yuko chini barabarani, injini inanguruma. Somoe na Somoye ukivitamka kwa sauti kubwa stendi vinatofautiana nini? Mimi naona hata bila picha majina yamegongana. Ukiweka na rangi na mwanamke na ungo, yule bwana ana kazi ngumu.

Kesi ya kisasa inayotajwa sana ni ya limau ya plastiki, Reckitt & Colman dhidi ya Borden, 1990, Baraza la Malordi. Maji ya limau ya Jif yaliuzwa kwa miaka mingi kwenye chupa yenye umbo na rangi ya limau. Mshindani akaleta limau yake ya plastiki yenye lebo ya jina jingine. Ushahidi ukaonyesha wanunuzi dukani hawasomi lebo, wanachukua limau. Akazuiwa. Lord Oliver akayataja mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba bidhaa yako ina sifa mbele ya wanunuzi na wanaitambua kwa mwonekano huo, kwamba mwenzako anawafanya waamini ya kwake ni ya kwako, na kwamba unaumia au utaumia kwa hilo. Yule abiria wa Dereva anagusa la pili na la tatu kwa mkupuo mmoja. Kalaumu mafuta mabaya ya mtu mwingine, lawama ikaenda kwa mama mkubwa.

Afisa Mstaafu

Nimekaa ofisi ya biashara ya halmashauri miaka mingi, huku huku kusini. Mnampa kijana moyo mpaka atakwenda kudai asichoweza kukipata, kwa hiyo niseme upande wa pili.

Kijani hakina mwenyewe. "Korosho za Mtwara" hakuna mwenyewe. Na huyo mwanamke na ungo, jamani, nendeni soko lolote kuanzia Masasi hadi Kilwa, nusu ya pakti zina mwanamke na ungo! Wakili wa yule bwana akija na pakti kumi za watu wengine zenye mwanamke na ungo, hoja yenu ya picha inabaki na nini?

Mahakama haipendi kumkabidhi mtu mmoja kitu ambacho wote wanakihitaji. Uingereza mwaka 1946, kampuni iliyojiita Office Cleaning Services ilimshtaki aliyejiita Office Cleaning Association. Ikashindwa. Ukichagua maneno ya kawaida yanayoeleza kazi yenyewe, unakubali kwamba tofauti ndogo itatosha kuwatenganisha. Na karibu nasi, Uganda 2016, Café Javas walikuwa wamempinga Nairobi Java House asisajili alama zake. Msajili akawakubali. Ilipofika Mahakama Kuu, jaji akasema alama zitazamwe kwa ujumla wake, na neno Java kwa wauza kahawa si la mtu mmoja. Java House akaruhusiwa.

Mchuuzi wa Chuno

Afisa, shikamoo. Hili la picha limenitikisa. Ni kweli wapo wengi wenye mwanamke na ungo. Ila wengine wengi wamekuja baada yetu, na hakuna aliyeweka vyote pamoja, kijani ile, mama mmoja katikati, na jina chini yake kwa mwandiko wa kalamu.

Sheria Mkononi

Afisa yuko sahihi, na mleta mada naye amejibu kama inavyotakiwa. Msidai mwanamke. Msidai kijani. Daini pakti nzima pamoja na jina. Anayegawanya alama vipandevipande mahakamani anamsaidia mpinzani, maana kila kipande peke yake ni cha wote.

Na kwa Afisa, maneno ya wote yanaweza kuwa ya mtu mmoja, ila kwa kazi ngumu. Mwaka 1896, Reddaway dhidi ya Banham. Reddaway aliuza mikanda ya mashine kwa jina la "Camel Hair Belting", yaani mikanda ya manyoya ya ngamia, na kweli ilitengenezwa kwa manyoya hayo. Jina linaeleza kitu chenyewe. Lakini kwa miaka, kiwandani mtu akisema jina hilo alimaanisha mikanda ya Reddaway. Banham akaanza kuuza ya kwake kwa jina hilohilo, akisema sijadanganya, ni manyoya ya ngamia kweli. Malordi walimkatalia: asilitumie bila kuweka wazi kwamba mikanda yake si ya Reddaway.

Nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Banham alikuwa mfanyakazi wa zamani wa Reddaway. Alijua jina lina uzito gani kwa sababu alikuwa ndani. Wakala wenu alikuwa ndani vilevile. Mtu aliyekuwa akiagiza Somoe kila mwezi akiamka na Somoye hawezi kumwambia jaji kwamba majina yamekutana kwa bahati. Kuna maandishi ya maagizo yake?

Mchuuzi wa Chuno

Yapo mengi. Yote kwenye WhatsApp ya mama mkubwa: "mama nitumie Somoe boksi 40, zilizopita zimeisha". Na malipo ya M-Pesa. Kikundi kina daftari pia, wanaandika kila boksi linalotoka kwa sababu wanagawana mwisho wa msimu.

Binti Mikindani

Mzee Mkulungwa, umesikia? Wamama wana daftari.

Mleta mada, simu ya mama mkubwa isipotee, isibadilishwe, watoto wasiichezee. Tafuteni na karatasi za aliyewachapishia vifungashio mara ya kwanza, zina tarehe na mchoro. Risiti za mizigo ya basi. Picha za banda Nane Nane pale Ngongo, ukiona pakti mezani na bango la mwaka huo nyuma ni mali safi. Kama mlipita SIDO kwa mafunzo ya vifungashio, ombeni barua.

Sheria Mkononi

Hayo ya Binti ndiyo kesi yenyewe. Watu wanadhani kesi za alama zinashindwa kwa sababu ya ukubwa wa mpinzani. McDonald's walivuliwa alama ya Big Mac na ofisi ya alama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019, kwa maombi ya Supermac's, wauza baga wa Ireland. Unajua kwa nini? Walitakiwa kuthibitisha matumizi halisi, wakaleta viapo vya wafanyakazi wao wenyewe, kurasa za tovuti na ukurasa wa Wikipedia. Ofisi ikaona hayatoshi. Baadaye walileta ushahidi zaidi wakarudishiwa sehemu, lakini mwaka 2024 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ikawanyima haki ya jina hilo kwa baga za kuku, maana hawakuonyesha matumizi ya kweli. Kampuni ya ukubwa ule! Daftari la Tandahimba lenye tarehe na boksi linaweza kuwa zito kuliko maelezo matamu ya mkurugenzi.

Ruangwa Yetu

Swali la pembeni. Kama Disney wana "Hakuna Matata", mimi nikichapisha fulana hapa Ruangwa nitafungwa?

Binti Mikindani

Hutafungwa ndugu yangu. Ile waliiomba Marekani 1994 wakapewa 2003, ni ya nguo, na ni ya kule. Alama ina nchi yake na klasi yake, haikuzuii kulisema. Watu walipiga kelele 2018 wakaandika ombi la kupinga, nami nilichukia pia, lakini wengi walidhani wamenyang'anywa maneno ya mdomoni. Iliyonikera zaidi ni ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili "Kikoy" kule, jina la nguo anayovaa baba yangu kila Ijumaa. Hiyo ilikuwa hatari kweli kwa wanaouza vikoi nje. Walipingwa na kampuni mwishoni ikaacha. Na walipingwa kwa njia hiihii ya pingamizi tunayomwambia mwenzetu.

Wahabeshi wa Ethiopia ndio waliocheza vizuri. Walianza 2005 kuomba alama za kahawa zao, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, kule Marekani, wakasuguana na Starbucks, na 2007 wakafikia makubaliano. Sisi korosho yetu inaondoka ghafi, inarudi ndani ya kopo la mtu, na hakuna panapoandikwa Tandahimba.

Afisa Mstaafu

Hilo la korosho ghafi lifungulie uzi wake, hapa tutazama. Kijana, msifanye kosa la kukimbilia Tume ya Ushindani (FCC) wakakamate mizigo kesho. FCC wana meno chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, lakini nendeni na nyaraka, na huyu si mtu anayebandika jina lenu hasa, kaweka Somoye. Ni mgogoro wa alama mbili zinazofanana, unahitaji kusikilizwa. Na msimrushe mitandaoni kwa jina na picha mkimwita mwizi. Mtajikuta nyinyi ndio washtakiwa wa kashfa, na yeye ndiye anayeomba fidia.

Mkulungwa wa Newala

Haya, nimewasikia wote. Swali langu la fedha hamjalijibu. Mahakama ipi? Mtwara au Dar? Nani atalipa?

Sheria Mkononi

"Mahakama" kwenye sheria ya alama ni Mahakama Kuu. Ipo kanda ya Mtwara, na Dar ipo Divisheni ya Biashara. Mahakama ya wilaya si mahali pake kwa kesi ya kuingilia alama. Ghali ni kweli, mzee. Ndiyo maana ninawasukuma kwenye pingamizi kwa Msajili kwanza, si kwenye kesi. Pingamizi linaendeshwa kwa maandishi na viapo, gharama yake ni ndogo ukilinganisha, na mkishinda huko notisi ya wakili inakosa miguu. Mahakamani mtakwenda kwa zuio kama akiendelea kufunga pakti zile na mauzo yanaanguka.

Sambamba na pingamizi, ombeni alama yenu wenyewe klasi ya 29, jina pamoja na mchoro. Na amueni kabla: nani mwombaji? Kikundi au mama mkubwa? Nimeona kikundi kimoja, alama imewekwa kwa jina la mwenyekiti, mwenyekiti akafariki, warithi wakaja na cheti. Kama kikundi kimesajiliwa, iwe ya kikundi.

Na kama mnauza hoteli za Unguja, kumbukeni usajili wa BRELA haufiki Zanzibar. Kule wana wakala wao wa usajili, BPRA, na sheria yao ya 2008. Huyo bwana akizuiwa bara anaweza kuvuka maji.

Mchuuzi wa Chuno

Mrejesho wakuu. Nimekaa na kijana wa kwenye duka la intaneti tumeingia mfumo wa BRELA, halafu nikapiga simu kuhakikisha. Maombi yake yapo, klasi ya 29, neno na picha. Yametangazwa kwenye jarida. Siku 60 hazijaisha, zimebaki za kutosha lakini si za kulala. Kumbe barua ya siku 14 ilikuwa ya kututia hofu tubadilishe jina wakati jarida linaendelea kuhesabu.

Kikundi kimekaa jana. Wamama wengine walitaka kufuata ushauri wa Mkulungwa, wabadilishe. Mama mkubwa kasema jina lile ni la mama yake mzazi, yeye habadilishi. Wamekubaliana kuchangishana kwa pakti, kila mmoja atoe sehemu ya mauzo, na tumempata wakili hapa Mtwara wa kuandika pingamizi na kujibu ile barua. Maombi ya alama yatakwenda kwa jina la kikundi.

Mkulungwa wa Newala

Jina la mama mzazi ungelisema mwanzo nisingetoa ushauri ule. Endeleeni. Ila mimi bado ningeongeza kitu kwenye pakti toleo lijalo, hata maneno "ya Tandahimba tangu 2014" kwa herufi kubwa, ili yule wa Nangurukuru aliye chini barabarani awe na cha kupigia kelele.

Sheria Mkononi

Hilo la mzee ni zuri, lakini toleo la sasa msiliguse mpaka nakala zake zimehifadhiwa. Wekeni pakti za kila mwaka mlizonazo kwenye bahasha, andikeni tarehe. Za kwake pia nunueni, pamoja na risiti, sehemu tofautitofauti.

Dereva wa Kusini

Mimi natoka kesho alfajiri, nitapita Nangurukuru. Nitanunua za pande zote mbili. Risiti wale vijana hawana, nitapiga picha. Swali langu moja: yule abiria aliyebisha simpati tena, lakini kondakta wangu alikuwepo, alisikia yote, na ndiye aliyemrudishia chenji. Kiapo chake kitafaa au mpaka abiria mwenyewe?

Sheria Mkononi

Kitafaa. Aape kwa alichokiona na kukisikia yeye mwenyewe: tarehe, basi, kituo, pakti ilikuwa ipi, na abiria alisema nini kwa maneno yake. Asiongeze maoni yake kwamba fulani ni tapeli, hilo litakatwa. Wewe nawe uape cha kwako. Nanyi mkapate na wauzaji wawili watatu wa dirishani ambao wameulizwa "ya mama" wakatoa isiyo yake. Mleta mada, mpe wakili namba ya Dereva kwa ujumbe wa ndani, usiiweke hapa.

Mchuuzi wa Chuno

Nimeshamtumia Dereva ujumbe. Wakili anataka viapo mezani kabla ya Ijumaa, kwa hiyo kondakta tutamsubiri stendi akirudi.